Kwaya ya jimbo ya wavulana na vijana wa kiume: wanaobadilika sauti niwaweke wapi?

Fundi wa Tukuyu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, na ni mwalimu wa kwaya ya vijana katika usharika wetu wa KKKT, kanisa la Kilutheri. Mkuu wa Jimbo, kiongozi wa sharika zetu za eneo hili, ameniita akanikabidhi kazi ya kuunda kwaya ya wavulana na vijana wa kiume ya jimbo zima, kuanzia watoto wa darasa la sita hadi vijana ambao hawajaoa. Sababu anayoitoa naiunga mkono kwa moyo wote. Ukipita kwenye sharika zetu siku ya Jumapili utakuta akina mama na mabinti wamejaa kwenye kwaya, teno ni wawili watatu, besi ni wazee. Mvulana akishapata kipaimara humwoni tena. Utamkuta kijiweni kwenye bodaboda, au shambani kwenye parachichi, au ameshapanda gari kwenda Mbeya mjini kutafuta maisha.

Wengi wao nawajua kwa majina maana pikipiki zao zinatengenezwa kwangu. Wanapenda kuimba! Wakisubiri pikipiki zao wanaimba pale pale gereji, mmoja anaanzisha wenzake wanaitikia, na wanapatana. Lakini ukimwambia njoo kwaya, anakujibu, "Mwalimu, sauti yangu ilishaharibika."

Tumeshakutana. Wamekuja kutoka sharika mbalimbali, wengine kwa Noah kutoka Kiwira, wengine kwa miguu na mvua yetu hii ikiwanyeshea njia nzima. Wadogo wanaimba sauti ya kwanza bila shida. Wakubwa nimewagawa teno na besi, wanakwenda. Shida iko kwa kundi la katikati, wa miaka 13 hadi 15 hivi. Nikiwapa sauti ya kwanza, wakifika juu sauti inakatika. Nikiwashusha besi, nota za chini hawazifikii, wanabaki kunguruma. Nikiwaambia waimbe alto wanaona haya, wanasema hiyo ya akina dada. Yupo mmoja wa kidato cha pili, anasoma solfa (do re mi) haraka kuliko waimbaji wangu wote wa usharikani, lakini akifungua mdomo zinatoka sauti mbili kwa mpigo. Wenzake walicheka, akatoka nje, nikamfuata mpaka barabarani kumrudisha.

Walimu wenzangu wananishauri niwaambie hao wapumzike mwaka mmoja au miwili, warudi sauti ikishatulia. Nafsi yangu inakataa, kwa sababu ninajua hawatarudi. Ni umri huo huo wanaoondokea.

Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Kundi hili niliweke wapi? Nyimbo nizitoe wapi, maana nota nyingi tulizonazo zimeandikwa kwa sauti nne zenye wanawake? Na ratiba niipangeje wakati wengine wako bweni na wengine wanaendesha pikipiki hadi usiku?

---

Mwalimu Mstaafu, Bukoba

Amina, Fundi. Shikilia hapo hapo nafsi yako inapokataa. Muziki nilijifunza Ruhija, kisha nikafundisha sekondari za wavulana mpaka nilipostaafu, na hilo kundi la katikati ndilo nililolipenda kuliko yote. Nitaandika kirefu, univumilie.

Kwanza jua kinachotokea kooni. Mvulana akianza kubalehe, zoloto lake linakua na nyuzi za sauti zinarefuka na kuwa nene. Kwa wengi kazi hiyo inaanza kati ya miaka 12 na 14, na sauti haitulii mpaka miaka 16 au 17, wengine zaidi. Mwisho wake sauti inakuwa imeshuka kama okteva nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Sauti za wasichana nazo hushuka, ila kidogo tu, ndiyo maana kwaya ya mabinti haikusumbui. Hakuna kilichoharibika kwa hao wavulana. Misuli iliyozoea kuendesha nyuzi fupi sasa inaendesha nyuzi ndefu, na kila baada ya wiki chache urefu umebadilika tena. Waambie hivyo hivyo, mbele ya wote, wadogo wakiwepo, ili nao wasiogope zamu yao ikifika. Na yule wa kidato cha pili aliyechekwa, mpe kazi ya kuwafundisha wenzake solfa. Utaona kama atachekwa tena.

Sasa jambo lenyewe, na hapa naomba usome polepole na kinanda kikiwa karibu.

Chukua wimbo wowote wa kitabuni, weka Do = G. Sauti ya kwanza inatembea kuanzia karibu na C ya katikati ya kinanda na kupanda. Mvulana wa miaka 14 hawezi tena kuzifikia nota za juu. Wewe unamwambia, basi imba tuni hiyo hiyo okteva moja chini kama wanaume. Anashuka, nota tatu anazipata, ya nne iko chini kuliko sakafu ya sauti yake. Anafanya nini? Anaruka kurudi juu. Akifika juu dari linamgusa, anashuka tena. Wewe uliyesimama mbele unasikia mtoto anayerukaruka nje ya tuni, unaandika kichwani kwamba hana sikio. Sikio analo. Wimbo wenyewe ndio haukumwachia mahali pa kukaa: okteva ya juu imemkimbia na ya chini hajaifikia. Nimewaona vijana wengi walioambiwa hawajui kuimba, na kosa lao lilikuwa hilo tu.

Nyumba yake ipo. Mwalimu mmoja aliyefundisha Marekani, Irvin Cooper, alitumia miaka mingi ya karne ya 20 kuwasikiliza wavulana wa umri huu, akakuta wengi wao wanaimba kwa raha kuanzia F iliyo chini ya C ya kati hadi C iliyo okteva moja juu ya hiyo ya kati. Akawaandikia sauti yao wenyewe. Baadaye mtafiti John Cooksey akaonyesha kwamba mabadiliko yanapita hatua kwa hatua, na kwamba katikati ya safari eneo la sauti linasinyaa mno kabla ya kupanuka tena. Kwa hiyo hata hiyo F hadi C usiitumie yote. Weka Do = F, wape mstari unaotembea kati ya do na la yake, mara moja moja uguse do ya juu. Watatulia palepale, na utashangaa jinsi sauti hiyo ilivyo nzuri, ina utamu ambao soprano wala teno hazina.

Usiiite alto. Iite sauti ya kati, au sauti ya pili. Hilo la jina umeshaliona mwenyewe.

Kwa hiyo kwaya yako igawe hivi. Sauti ya kwanza ni wadogo ambao hawajaanza kubadilika. Sauti ya pili ni hao wa katikati. Sauti ya tatu ni wale ambao sauti imeshuka karibuni, wa miaka 15 hadi 17; hao wape kati ya C ya chini na C ya kati, wala usiwaite besi bado, kwa sababu wakisikia neno besi wataanza kubana koo ili wafanane na wazee. Sauti ya nne ni vijana wako wakubwa, na siku wimbo ukihitaji teno ya kweli utamtoa humo humo.

Kila mmoja msikilize peke yake, pembeni, si mbele za watu. Mwambie ahesabu kuanzia ishirini kurudi nyuma kwa sauti yake ya kawaida ya kuongea, wewe utafute nota hiyo kwenye kinanda. Nota anayoongea nayo huwa karibu na mwisho wake wa chini. Andika kwenye daftari, rudia kila baada ya miezi miwili hivi. Mtoto akishuka, mhamishe sauti, na umwambie mbele ya wenzake kwamba amepanda daraja.

Mazoezi ya kupasha sauti yaanzie juu yateremke. So fa mi re do, kwa mdomo uliofumbwa kwanza, halafu kwa "nu". Ukianzia chini ukapanda, wanaburuta uzito wa chini hadi juu na hapo ndipo sauti inapokatika. Na zima spika. Nasema kwa uchungu, maana nimeona kwaya ngapi za vijana zikifa kwa spika: kinanda kimefunguliwa mwisho, ngoma juu yake, watoto wanapiga kelele ili wajisikie. Koo linalokua halistahili hivyo.

Zamani huko Ulaya hawakuwa na habari na hao wa katikati. Kwaya ya wavulana ya Vienna inahesabu asili yake tangu 1498, enzi za Maximilian wa Kwanza, na mvulana akibadilika sauti anaondoka. Hata Franz Schubert aliimba utotoni katika kanisa la mfalme pale, na sauti ilipobadilika mwaka 1812 nafasi yake ikaisha. Wao wana shule na foleni ya watoto wanaongoja kuingia. Sisi hatuna foleni hiyo. Kwetu akiondoka, ameondoka kanisani pia.

Wimbo wa kwanza: anza na Mungu Ibariki Afrika. Kila mmoja ameuimba mstarini tangu darasa la kwanza, maneno wanayo, tuni wanayo, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa unafundisha kitu kimoja tu, yaani kupatana. Na wafundishe ulikotoka. Tuni hiyo aliitunga Enoch Sontonga mwaka 1897, mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg, aliyekuwa anawatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika kwa solfa hii hii mnayoisoma ninyi Tukuyu. Mwalimu wa kwaya ya shule! Vijana wako wajue kwamba wimbo wa taifa lao umetokea mahali kama pale walipokaa.

---

Mwalimu wa Kakamega

Mwalimu wa Bukoba amemaliza yote ya sauti, mimi niongeze ya nyimbo. Nafundisha shule ya upili ya wavulana huku magharibi mwa Kenya.

Fundi, umesema vijana wako wanaimba pale gereji mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Hiyo ndiyo hazina yako ya kwanza. Chukua nyimbo za Kinyakyusa za kuitikiana. Nyimbo za ngoma mara nyingi hazina nota nyingi, kiitikio kinakaa mahali pamoja, na mwanzishaji anaweza kuwa yeyote aliye na sauti siku hiyo. Sisi huku tuna isukuti ya Waisukha na Waidakho, na ninapoifundisha, yule wa kidato cha kwanza na yule wa kidato cha nne wote wanapata pa kusimama bila mimi kuandika nota hata moja. Wazee wa kwenu bado wapo. Mwite mmoja aje afundishe, usimwige kutoka kwenye simu.

Pia wasikilizeni Waafrika Kusini. Kwaya ya Ladysmith Black Mambazo, iliyoanzishwa na Joseph Shabalala, ni ya wanaume peke yao, imejengwa juu ya besi nyingi, juu yake sauti chache, na kiongozi. Ukiwa na vijana wengi wa sauti ya nne na wadogo wachache, muundo huo unakufaa kuliko kulazimisha mgawanyo sawa wa sauti nne.

Kingine ni shabaha. Kwetu tamasha la muziki la shule limekuwepo tangu 1927, na mtoto anajua kwamba akifanya vizuri atatoka kaunti ndogo, aende kaunti, aende hadi taifa. Hiyo inamfanya aamke. Wengi huku wanaikumbuka Kwaya ya Wavulana ya Kenya, chini ya Joseph Muyale Inzai, ilivyokwenda kuimba Washington Januari 2009 Barack Obama alipoapishwa. Vijana wa kawaida kabisa. Wanafunzi wangu waliozaliwa baada ya siku hiyo bado wananiuliza habari zake. Wape vijana wako tarehe iliyo mbele yao. Mashindano ya kwaya ya dayosisi yanatosha kuanzia.

---

Mama Mhazini, Machame

Hongera kwa kazi, mwanangu. Mimi si mwalimu wa muziki, ni mhazini wa kwaya na ni mama wa wavulana, kwa hiyo nitasema yale ambayo walimu huwa wanayaruka.

Sare. Usianze na sare. Nimeona vijana wakiacha kwaya kwa sababu wameshindwa mchango wa suti, na kijana wa kiume hatakwambia kwamba hana hela, atakwambia amebanwa na kazi. Karibu kila mwanafunzi ana shati jeupe la shule. Shati jeupe na suruali nyeusi, imetosha. Hela kidogo itakayopatikana nunua uji na maandazi. Kijana wa miaka 14 ana njaa saa zote, na huyo wa bodaboda hajala tangu asubuhi.

Nauli za kutoka mbali ziingie kwenye bajeti ya jimbo, zisiwe za mzazi. Ukimwachia mzazi, watakaokuja ni wa mjini tu, na hiyo haitakuwa kwaya ya jimbo tena.

Halafu jambo ambalo usiliache hata wakikuona una wasiwasi mwingi. Una watoto wa miaka 12 pamoja na vijana wa miaka 24 kwenye kundi moja. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Pasiwe na mazoezi ya mtu mmoja mmoja chumba kimefungwa. Hata hilo la kumsikiliza mtoto pembeni alilosema Mwalimu lifanyike mlango wazi na mtu mzima mwingine akiona. Safari za kulala, wadogo walale chumba chao na walezi wao, wakubwa chao. Awepo mama mmoja au wawili wa kudumu kwenye kwaya, ingawa ni ya wanaume. Kila mzazi aandike ruhusa na namba ya simu. Wazazi wakiona utaratibu huo tangu mwanzo watakuletea watoto bila kusitasita. Na mtoto ajue ni nani wa kumwendea endapo kuna jambo limemsumbua, na huyo mtu asiwe wewe peke yako.

---

Muuguzi wa Cardiff

Salamu kutoka Wales. Nimezaliwa Kyela, kwa hiyo Tukuyu ni nyumbani, na thread hii imenifanya niandike usiku baada ya zamu.

Nawaletea habari ya huku kwa sababu inafanana sana na ya kwenu. Kusini mwa Wales kulikuwa na migodi ya makaa ya mawe, na kila kijiji cha bondeni kilikuwa na kwaya ya wanaume, wachimbaji hao hao. Migodi ikafungwa, kwaya zikabaki na wazee, vijana hawaingii. Mwaka 2010 mwanamuziki mmoja, Tim Rhys-Evans, akaanzisha Only Boys Aloud. Alianza kwa kukusanya vijana wa mabonde hayo waimbe kwenye tamasha la taifa la Wales, lile Eisteddfod, lililofanyika mwaka ule Ebbw Vale. Hakuna usaili, hakuna ada. Unakuja na sauti uliyo nayo. Mwaka 2012 walifika fainali ya Britain's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni, wakashika nafasi ya tatu, na nchi nzima ikawajua.

Ninachotaka Fundi uchukue ni mpangilio wao. Hawawasafirishi vijana wote kila wiki kwenda mahali pamoja. Kila eneo lina kwaya yake ndogo inayokutana karibu na nyumbani, jioni moja kwa wiki, wote wakifundishwa nyimbo zile zile. Halafu mara chache kwa mwaka wanaunganishwa kuwa kwaya moja kubwa. Mwanangu anaimba katika moja ya hizo ndogo, na nimeona faida yake: siku ya kuunganishwa anakutana na wavulana mamia ambao hajawahi kuwaona, wote wanajua wimbo anaoujua yeye. Anarudi nyumbani amebadilika. Sauti yake ilianza kushuka akiwa humo humo, na walimhamisha tu sehemu ya kusimama. Hakuna aliyelifanya kuwa jambo.

Rungwe ni milima na mvua. Ukiwataka wote Tukuyu kila Jumamosi, masika itakushinda. Gawa vituo: Kiwira kimoja, Tukuyu kimoja, na upande wa Busokelo kimoja kama jimbo lenu linafika huko. Rekodi kila sauti peke yake kwenye simu, uwatumie viongozi wa vituo kwa WhatsApp, wakutane wote mwisho wa mwezi.

---

Fundi wa Tukuyu

Shikamoo Mwalimu wa Bukoba, shikamoo mama. Asanteni wote, nimenakili kila kitu kwenye daftari.

Nimeshajaribu hilo la Do = F. Kinanda nilikiacha, nikawapa nota kwa mdomo tu. Kundi la katikati wameimba wimbo mzima hadi mwisho bila mmoja kukatika. Yule wa kidato cha pili ndiye aliyewafundisha mstari wao, nilimwandikia solfa ubaoni akaendelea mwenyewe. Wadogo walikuwa wanageuka nyuma kuwatazama.

Vituo nimevikubali, nitapeleka pendekezo kwa Mkuu wa Jimbo pamoja na bajeti ya nauli na hayo ya ulezi aliyosema mama. Tumeshampata mama mmoja wa Kiwira, mwalimu wa shule ya msingi, yuko tayari.

Nina mawili yamebaki. Vijana wa bodaboda wanafika jioni koo limekauka kwa upepo na vumbi, wanaanza kukohoa katikati ya mazoezi. Na la pili, wakubwa wanataka sebene. Wanasema bila sebene hii ni kwaya ya wazee.

---

Mwalimu Mstaafu, Bukoba

Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha na huyo wa kidato cha pili.

Koo kavu dawa yake ni maji, na yanywewe mapema, mchana kutwa akiwa kazini, maana maji ya dakika ile ya mwisho hayasaidii sana. Avae kitambaa puani na mdomoni akiwa barabarani. Akifika asiimbe mara moja. Akae dakika kumi, avute pumzi polepole kwa pua, aanze kwa kufumba mdomo. Mwenye kikohozi au mafua siku hiyo akae asome nota kwa macho, asinong'one, kwa sababu kunong'ona kunachosha koo kuliko kuongea kwa utaratibu. Na wanaovuta sigara zungumza nao wewe kama fundi wao, watakusikiliza kuliko mchungaji.

Sebene wape, sioni ubaya. Ila liwe mwisho wa mazoezi, wimbo mmoja, baada ya sauti kufanya kazi yake, na wa katikati wacheze bila kuimba. Kwenye sebene kila mtu anapaza sauti, na hao ndio wataumia. Wakubwa wakilalamika waambie tutapimana siku ya mashindano: jaji hasikilizi miguu.

Kuhusu ratiba hukujibiwa. Darasa la saba wana mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne ni Novemba, kwa hiyo kuanzia Agosti usitegemee wanafunzi. Kidato cha sita wanamaliza Mei na wengine wanakwenda JKT. Likizo ya Juni na ya Desemba ndizo za wa bweni, hapo ndipo uweke kambi ya wiki moja ya kwaya nzima. Wanaobaki nyumbani waendelee na vituo mwaka mzima.

---

Mwalimu wa Kakamega

Fundi, wimbo wa mashindano ukishatoka, uweke hapa kabla hujaanza kuufundisha. Nyingi zinaandikwa kwa sauti nne za kawaida na zitahitaji kupangwa upya kwa wavulana. Mimi na Mwalimu tunaweza kuufanya.

---

Fundi wa Tukuyu

Umeshatoka, mwalimu. Upo kwa Do = A flat, soprano inapanda hadi mi ya juu kwenye kiitikio, na besi inakwenda chini hadi so. Kwenye ubeti wa pili kuna sehemu ya alto na teno peke yao, mistari minane, nadhani hapo ndipo wa katikati watakapokaa. Napiga picha kurasa zote nne nikifunga gereji, naziweka hapa saa mbili usiku. Nina wa sauti ya kwanza 14, ya pili 11, ya tatu 9, ya nne 17.